Siku hizi tunajikwaa ulimi kwa kidole



Wahenga walituachia methali isemayo heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Walijua kwamba kidonda cha dole hufungwa kitambaa kikapona, lakini neno likishatoka kinywani halina dawa ya kulirudisha. Kwao dole na ulimi vilikuwa viungo viwili vinavyokaa mbalimbali, kimoja kikigusa ardhi na kingine kikiwa kimefungiwa nyuma ya meno. Sisi tumevikutanisha. Maneno mengi tunayoambiana siku hizi, ya upendo na ya hasira, hayapiti tena kwenye meno. Yanapita kwenye kidole gumba.

Leo napenda tutafakari jambo hili la kuandika, kwa sababu hakuna kizazi cha Wakristo kilichoandika sana kama chetu. Mama anayeuza mboga sokoni anaandika, kijana wa bodaboda anaandika akingoja abiria, paroko anaandika. Nitaanza na tukio ambalo mimi mwenyewe nina sehemu yangu ya lawama.

Maneno matatu ya paroko

Jioni moja, katika kundi la WhatsApp la jumuiya ndogondogo mojawapo ya parokia ninayoihudumia, mwanajumuiya aliuliza swali. Wiki hiyo walikuwa wamechanga rambirambi kwa familia iliyofiwa, na mtu wa familia hiyo alikuwa amemwambia kwamba hawajapokea kitu. Basi akauliza, michango ya msiba iko wapi? Swali lilikuwa halali kabisa. Tatizo ni kwamba aliyepaswa kujibu, mama mweka hazina, alikuwa wodini akimuuguza mkwewe, na simu yake ilikuwa imeisha chaji.

Dakika kumi hazikupita. Mmoja akaandika kwamba kimya nacho ni jibu. Mwingine akakumbushia mchango wa harusi wa mwaka juzi ambao, kwa maoni yake, haukueleweka. Mwingine hakuandika neno, aliweka tu emoji ya kucheka hadi machozi. Saa nne usiku mtu alipiga picha mazungumzo hayo akayatuma kwenye kundi la kwaya. Kutoka kwaya yakaenda nisikokujua. Kabla jogoo hajawika yalikuwa yamemfikia binti wa mama huyo aliyekuwa zamu ya usiku kazini kwake, katika mkoa mwingine kabisa.

Na mimi? Mwenyekiti wa jumuiya aliniandikia humo humo kundini, "Baba Paroko, unasemaje?" Nilikuwa nimeshajilaza. Sikuinuka. Taa ikiwa imezimwa, nikaandika kwa kidole kimoja, "Tumeliona, tutachukua hatua." Nikalala.

Nilichomaanisha ni kwamba tutauliza, tutafuatilia, tutajua ukweli. Lakini sivyo nilivyosomwa. Walionisoma walielewa kwamba paroko amethibitisha.

Asubuhi baada ya Misa katekista alifungua kitabu cha stakabadhi. Fedha zote zilikuwa zimekabidhiwa ofisi ya parokia siku tatu kabla, zikimsubiri kaka mkubwa wa marehemu aliyekuwa safarini, kwa sababu familia yenyewe ilikuwa na mvutano juu ya nani azipokee. Stakabadhi ilikuwa na muhuri wa ofisi yangu. Kutoka kitandani kwangu hadi kwenye kabati la kitabu kile ni hatua zisizofika hamsini.

Tuliandika masahihisho kundini siku ile ile. Wachache waliweka "Amina" na mikono ya kuomba. Sijasikia hata mmoja aliyeyapiga picha na kuyapeleka kwa kwaya.

Mama yule alitoka kwenye kundi bila kuandika lolote. Kisha akatoka kwenye jumuiya. Mume wake aliniambia kwamba Dominika hupanda bodaboda kwenda kusali parokia ya jirani.

Posta ilikuwa na huruma yake

Tangu siku hiyo nimejiuliza mara nyingi ni nini hasa kimebadilika katika uandishi wetu. Watu wa rika langu wana jibu la haraka. Husema vijana wameharibu Kiswahili, wanaandika "xaxa" badala ya sasa na "wa2" badala ya watu. Mimi silioni hilo kuwa dhambi. Ujumbe mfupi wa simu ulikuwa na nafasi ya herufi na alama 160 tu, na kila ujumbe ulikuwa na bei yake, kwa hiyo watu walifupisha ili fedha itoshe. Hata wanakili wa kwanza wa Maandiko Matakatifu kwa Kigiriki walifupisha. Majina Mungu, Bwana, Yesu na Kristo waliyaandika kwa herufi chache, mara nyingi ya kwanza na ya mwisho, na kuchora mstari juu yake. Mtu anaweza kufupisha neno na bado akaliheshimu.

Wala simu yenyewe haina laana. Ujumbe mfupi wa kwanza kabisa ulimwenguni, uliotumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992 na mhandisi Neil Papworth, ulikuwa salamu za Krismasi. Tarehe 12 Desemba 2012 Baba Mtakatifu Benedikto wa XVI alituma ujumbe wake wa kwanza kupitia Twitter. Na Septemba 2025 Kanisa lilimtangaza mtakatifu Carlo Acutis, kijana aliyefariki 2006 akiwa na umri wa miaka 15, ambaye alitumia kompyuta kueneza habari za miujiza ya Ekaristi. Chombo kinaweza kubeba neema.

Kilichobadilika, naona, ni kusubiri.

Mama yangu mzazi alijifunza kuandika akiwa mtu mzima, katika yale madarasa yaliyoenea vijijini baada ya Serikali kuutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Nilipokuwa seminarini aliniandikia barua tatu au nne kwa mwaka. Wasomaji wa umri wangu wanajua zilivyoanza. Kwanza salamu nyingi sana. Kisha dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako. Kisha sisi huku nyumbani hatujambo, wasiwasi ni kwako wewe uliye mbali. Vijana huzicheka barua hizo. Lakini angalia zilivyofanya kazi. Kabla mwandishi hajafika kwenye shida yake, kabla hajaomba au kulalamika, ilimbidi ampitie kwanza yule anayemwandikia, aulize afya yake, amwone moyoni.

Na barua ikishaandikwa, ilikaa. Ilingoja stempu, ikangoja mtu wa kwenda mjini. Mwaka mmoja nilimwandikia kaka yangu barua ya hasira kuhusu shamba la marehemu baba. Nilimwita mwizi. Nilijiona nina haki, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Ilikuwa Jumatatu, na gari la seminari lilikuwa likienda posta Jumamosi. Jumanne niliisoma nikaiona bado nzuri. Alhamisi niliisoma nikaona imezidi. Ijumaa usiku niliichana vipande vidogo. Kaka huyo yupo, tuna amani, na mpaka leo hajui kwamba kulikuwa na barua.

Ukawiaji wa posta ambao sote tuliulalamikia ulikuwa na huruma ndani yake. Ulitupa siku tano za kuwa watu wema kuliko tulivyokuwa Jumatatu. Simu haina Ijumaa. Kati ya moyo unapochemka na neno linapofika kwa mwenzako, imebaki nafasi ya kidole kugusa kioo.

Neno lisilo na mwenyewe

Jambo la pili lililobadilika ni umiliki wa neno. Barua ilikuwa na jina chini. Mtakatifu Paulo alikuwa na desturi ya kumtumia mwandishi, na katika Waraka kwa Waroma 16:22 mwandishi huyo, Tertio, anajitokeza mwenyewe kusalimu. Lakini Paulo hakuiacha barua iondoke bila alama yake. Kwa Wagalatia, sura ya 6, anawaonyesha herufi kubwa alizoziandika kwa mkono wake mwenyewe, na kwa Wathesalonike katika waraka wa pili anawaeleza kwamba salamu ya mkono wake ndiyo kitambulisho cha kila barua yake. Alitaka wajue kwamba nyuma ya maneno yupo mtu, na wanaweza kumfuata kumwuliza.

Mengi tunayotuma leo hayana mtu nyuma yake. "Nimetumiwa hivi hivi," tunasema, kana kwamba kupokea uongo kunatupa ruhusa ya kuugawa. Hata wenye mtambo waliona hatari hii. WhatsApp yenyewe ilipunguza mwaka 2019 idadi ya makundi ambayo mtu anaweza kusambazia ujumbe mmoja hadi matano, na Aprili 2020 ikaamua kwamba ujumbe uliokwishasambazwa mno upelekwe sehemu moja tu kwa wakati. Hapa nchini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kuchapisha kwa makusudi taarifa za uongo. Lakini Mkristo hapaswi kungoja mtambo umkatalie wala polisi wamwite. Katika Injili ya Mathayo 12:36 Bwana ametuonya kwamba siku ya hukumu tutatoa hesabu ya kila neno lisilo na maana. Hakutenga maneno tuliyoyatunga na yale tuliyoyasukuma mbele.

Siku hizi umeongezeka uwezo mwingine, wa akili mnemba, ambayo wengine huiita akili bandia. Mtu anaiagiza imwandikie, nayo inaandika. Kijana mmoja aliniletea maneno ya shukrani atakayoyasoma kwenye mazishi ya baba yake, nimsaidie kuyapitia. Kiswahili kilikuwa safi kuliko changu. Marehemu alikuwa nguzo, taa na mwamba. Nikamwambia, "Mwanangu, huyu ni baba wa nani?" Akakiri kwamba simu ndiyo iliyomwandikia, kwa sababu yeye alikuwa anashindwa kuanza. Nikamwuliza, baba alikuwa akisema nini akirudi nyumbani jioni? Alicheka kwanza. Akasema alikuwa akipiga kengele ya baiskeli tokea kwenye kona, ili watoto waache ugomvi kabla hajafika. Kisha akalia. Tuliandika kengele ile, na makaburini watu wote waliomjua mzee walitikisa vichwa.

Sisemi kwamba ni haramu kusaidiwa kuandika. Tertio alimsaidia Paulo. Baba Mtakatifu Fransisko, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Duniani wa 2024, alizungumzia akili hiyo ya mashine pamoja na hekima ya moyo, akitualika tusiiache hiyo ya pili. Mashine inaweza kukupatia maneno mazuri ya huzuni. Haikuwahi kuisikia kengele ya baiskeli.

Kidole kilichoinama

Sasa fungua nami Injili ya Yohane, sura ya 8. Ni mahali pekee katika Injili tunapomwona Yesu akiandika, na anaandika kwa kidole.

Mwanamke amesimamishwa katikati. Mashtaka yametolewa mbele ya umati. Mwanamume aliyehusika hayupo na hakuna anayemwuliza. Wanaoshtaki wanamsukuma Yesu ajibu sasa hivi, na jibu lenyewe ni mtego. Ukilitazama vizuri, ndugu msomaji, utaona lile lilikuwa kundi letu la usiku ule. Kulikuwa na mtu katikati asiyejibu, kulikuwa na wengi wenye hakika, na kulikuwa na swali lililotaka jibu la papo hapo: Mwalimu, unasemaje?

Yesu hakujibu. Aliinama akaandika chini kwa kidole. Aliandika nini, Mwinjili hasemi. Mtakatifu Yeronimo alidhani zilikuwa dhambi za wale washtaki. Mimi nimeacha kujiuliza aliandika nini, nimeanza kutazama ilichukua muda gani. Walizidi kumhoji, naye akawa bado ameinama. Kisha akainuka, akasema sentensi moja, akainama tena kuandika. Katika kimya hicho cha pili ndipo walipoanza kuondoka, mmoja mmoja, kuanzia wazee. Walikuja kama umati. Kimya kile kiliwapa nafasi ya kurudi kuwa mtu mmoja mmoja, kila mmoja na dhamiri yake, na mtu akibaki na dhamiri yake mkono hulegea ukaachia jiwe.

Angalia pia mahali alipoandika. Aliandika ardhini, ambapo mguu wa mpita njia au upepo wa jioni utafuta. Neno wa Mungu aliyefanyika mwili hakutuachia ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono wake, na mara hii moja alipoandika, hakutunza mashtaka ya mtu. Sisi tunapiga picha na kuhifadhi.

Niliposoma Injili hiyo baada ya tukio lile, niliona aibu. Niliulizwa swali lile lile, na mimi pia nilitumia kidole. Ila sikuinama, na sikungoja.

Tufanye nini?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inataja namna tatu za kuvunja heshima ya jina la mtu. Kuna kumhukumu bila msingi wa kutosha, kuna kutangaza makosa yake ya kweli kwa wasioyajua bila sababu ya haki, na kuna kumsingizia. Zote tatu zinaweza kufanyika kwa kidole gumba ndani ya dakika moja, na mtu akaendelea kunywa chai. Namba 2487 inaongeza jambo tunalolisahau: anayemvunjia mtu jina anadaiwa fidia. Kuungama ni lazima, lakini kuungama hakumalizi deni.

Kwa hiyo naomba tukubaliane mambo machache. La kwanza, jambo lenye jina la mtu ndani yake lisianzie kundini. Bwana alitupa utaratibu katika Mathayo 18:15: ndugu yako akikukosea, nenda kwake, ninyi wawili peke yenu. Yule aliyeuliza habari za michango angempigia mweka hazina, na akimkosa angengoja asubuhi, asubuhi hiyo ingekuja na kitabu cha stakabadhi.

La pili, ukiwa na hasira andika, lakini andika kwenye daftari. Lala nalo. Ukiamka bado unayataka maneno yale, mpelekee mwenyewe kwa miguu yako. Mzee Yohane, mwishoni mwa waraka wake wa pili, anasema alikuwa na mengi ya kuandika lakini hakutaka kutumia karatasi na wino. Alitumaini kufika na kuzungumza uso kwa uso. Yako mambo ambayo hata mtume aliona hayafai kuandikwa.

La tatu, kama umesambaza neno lisilo kweli, sambaza na sahihisho lake, kwenye makundi yale yale, kwa bidii ile ile. Inauma. Ndiyo maana inaitwa fidia.

La nne ni kwa wanaofiwa. Kabla ya kunakili ile "Raha ya milele umpe ee Bwana" yenye mishumaa na maua, ongeza sentensi moja ambayo wewe peke yako unaweza kuiandika. Mfiwa atasoma jumbe mia moja. Hiyo moja ataisoma mara mbili.

Barua ya kurasa mbili

Nililipa deni langu kwa sehemu. Dominika iliyofuata nilisimama mbele ya waamini, nikasema kwamba fedha zilikuwa salama tangu mwanzo, kwamba mama yule hakuwa na kosa, na kwamba paroko wao aliandika kabla ya kuuliza. Kisha nikaketi kumwandikia barua, kwa kalamu. Nilidhani itanichukua nusu saa. Ilinichukua siku tatu, na nilichana karatasi mbili, maana kila mara nilijikuta katikati ya kuomba radhi nimeanza kujieleza.

Niliipeleka mwenyewe. Alinikaribisha kiti, akaniletea maji, akaisoma barua yote akiwa amesimama mlangoni kwenye mwanga. Kurasa mbili. Alipomaliza aliikunja vizuri akaiweka kwenye Biblia yake.

"Asante, Baba," alisema. "Hii nitaitunza. Na ile nyingine nayo bado ipo."

Hajarudi jumuiyani. Sijamshurutisha. Mkwewe alipona, na tukikutana njiani tunasalimiana vizuri. Katika vikao vya jumuiya nafasi yake ya mweka hazina haijajazwa, kwa sababu kila anayependekezwa anakataa. Hakuna anayesema kwa nini, lakini wote tunajua.

Ndugu msomaji, pengine unasoma haya ukitoka Misa au ibada, na simu iko mfukoni ikitikisika. Kama humo ndani kuna jina la mtu linalongoja kidole chako, nakuomba uiache kidogo. Inama kwanza, kama alivyoinama Bwana. Na kama ulishaandika, na mwenye jina hilo bado yu hai, usingoje Dominika ijayo. Nenda kwake leo mchana.

Dominika njema.